Si mmeshayeyusha damu yake, sasa mnamkata vipi?

"Dokta, jana si mmempa dawa ya kuyeyusha damu? Sasa leo mnataka kumfungua kichwa, hiyo damu itakatika vipi?"

Dada aliuliza hivyo akiwa amesimama koridoni, karatasi ya ridhaa mkononi, kalamu kapewa na nesi. Ni mtoto wa baba mdogo, tumekua pamoja, na mumewe, shemeji yangu, alikuwa kalala mlango wa pili kutoka pale, anakoroma ule ukoromaji ambao ukiusikia tu unajua huu siyo usingizi. Kiharusi kilimpata jana yake asubuhi. Donge kubwa upande wa kulia wa ubongo, mkono na mguu wa kushoto vikalegea, akawahishwa, akapata dawa ndani ya muda, tukamshukuru Mungu tukajua tumevuka.

Daktari wa upasuaji wa ubongo hakukasirika. Alimwambia, "Mama, ile dawa imeshaisha nguvu mwilini. Kinachomuua sasa hivi ni uvimbe. Tukisubiri mpaka kesho naweza nisiwe na cha kumsaidia."

Dada akasaini. Tarehe aliandika ya mwezi uliopita, nesi akamwomba aikate aandike upya.

Swali lile halikunitoka. Wiki zimepita, shemeji yuko hai, watu wameshaacha kulizungumzia, na mimi usiku nikilala bado nalisikia vile vile. Maana lilikuwa swali sahihi kabisa. Unampa mtu dawa ambayo kazi yake ni kuzuia damu isishikane, halafu siku ya pili unachukua kekee na msumeno unakata mfupa wa kichwa chake, sehemu ya mwili inayotoka damu kuliko nyingi. Mtu yeyote mwenye akili timamu lazima aulize.

Basi nikaanza kusoma, na kuuliza kila daktari aliyekubali kunivumilia.

## Dawa inakaa muda gani

Kitu cha kwanza nilichokuwa sijakielewa ni kwamba ile dawa haigeuzi damu kuwa maji. Alteplezi, ndo inayotumika sana, inaamsha kitu ambacho tayari kimo kwenye damu yako, na hicho ndo kinachokatakata nyuzinyuzi zinazoshikilia donge. Dozi yake ni miligramu 0.9 kwa kila kilo ya mgonjwa, isizidi 90, sehemu ya kumi inasukumwa kwa dakika moja, inayobaki inaingia kwa dripu saa nzima.

Na ikishaingia haikai. Nusu yake inaondoka kwenye damu ndani ya dakika kama 5 hivi. Yaani dripu ikizimwa, muda mfupi tu baadaye dawa yenyewe karibu haipo.

Kwa hiyo daktari alisema kweli.

Ila nilipoendelea nikaona kweli ile ina mkia. Dawa inaondoka lakini ilichokifanya kinabaki. Ile protini ambayo mwili unaitumia kutengeneza nyuzi za donge, fibrinojeni, inaweza kuwa imeshuka, na kupanda tena kunachukua saa nyingi, inaweza kufika siku nzima na zaidi. Ndo maana baada ya dawa hii mgonjwa hapewi aspirini wala heparini kwa saa 24, na ndo maana anarudishwa kwenye siti skani, picha ya ndani ya kichwa, saa hizo zikitimia kabla ya kuanzishiwa kitu kingine chochote cha kuzuia damu kuganda. Hofu yao ina msingi. Kwenye jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 1995, lile lililofungua mlango wa dawa hii kwa kiharusi, waliopewa dawa kama 6 kati ya 100 walivuja damu ubongoni kiasi cha kuzidiwa, wakati waliopewa maji matupu hata 1 kati ya 100 hakufika. Na bado dawa ilishinda, kwa sababu waliopona wakabaki na ulemavu kidogo au bila ulemavu kabisa walikuwa wengi zaidi upande wa dawa.

Sasa turudi kwa mpasuaji. Yeye haendi chumba cha upasuaji kwa kubahatisha. Damu inapimwa, fibrinojeni ikiwa chini inarudishwa kwa mazao ya damu yaliyohifadhiwa kwa kugandishwa na baridi, yenye protini hiyo kwa wingi, na ipo pia asidi ya traneksamiki inayozuia nyuzi zisiendelee kukatwa. Halafu kuna jambo la saa. Uvimbe wa ubongo mara nyingi unafika kileleni kati ya siku ya pili na ya tano, kwa hiyo wengi wanaofikishwa kwenye meza ya upasuaji wameshavuka zile saa 24 za hatari.

Wengi, siyo wote. Wapo wanaozidiwa siku hiyo hiyo, saa chache baada ya dripu, na hao ndo wanaowatoa madaktari jasho. Kuna dawa mpya zaidi, tenekteplezi, inayopigwa mara moja tu bila dripu na inakaa mwilini muda mrefu kidogo kuliko ile ya kwanza, na sehemu nyingi sasa wanahamia huko, kwa hiyo hesabu ya saa inabidi uifanye ukijua kapewa ipi na saa ngapi.

Tafiti zilizolinganisha wagonjwa waliofunguliwa fuvu baada ya dawa na wale waliofunguliwa bila kupewa dawa zipo. Ni ndogo, na nyingi ni za kupekua mafaili ya nyuma. Kwa ujumla hazikuonesha kwamba kupewa dawa kunaleta uvujaji wa kiasi cha kufuta faida ya upasuaji. Mimi nazisoma kwa uangalifu, kwa sababu mafaili ya nyuma yanamhusu yule ambaye daktari alimwona anafaa kupasuliwa, yule aliyeonekana damu yake haifai hakupasuliwa na hayumo. Lakini zinatosha kumjibu dada kwamba dawa ya jana peke yake siyo sababu ya kumwacha mtu afe leo.

## Basi dawa ilishindwa?

Hili liliniuma zaidi. Tulipewa matumaini. Tuliambiwa kawahi, dawa imeingia, tusubiri. Sasa kama dawa inayeyusha donge, ubongo unavimba kwa nini?

Jibu lina sehemu mbili na zote mbili hazipendezi.

Ya kwanza, donge likiwa kubwa na limeziba mshipa mkubwa, dawa ya mshipani mara nyingi hailiwezi. Ndo maana 2015, baada ya majaribio matano kutoka mwaka ule ule na yote kusema kitu kimoja, kuvuta donge kwa mrija unaopitishwa kutoka kwenye paja mpaka kichwani kukawa tiba rasmi ya mishipa mikubwa iliyoziba. Penye vifaa na watu wa kuifanya. Pasipo na vifaa unabaki na dripu na dua.

Ya pili, hata mshipa ukifunguka, kilichokufa kimekufa. Seli zilizokosa damu zinashindwa kusukuma chumvi nje, chumvi inavuta maji ndani, seli zinajaa. Baadaye kuta za mishipa midogo nazo zinalegea, maji yanavuja kwenye tishu yenyewe. Sehemu iliyokufa ikiwa ndogo uvimbe unakuja unaondoka hata hujui. Ikiwa ni karibu nusu nzima ya upande mmoja, uvimbe hauna pa kwenda.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Alexander Monro aliliandika hilo 1783, George Kellie akaliongezea 1824, na mpaka leo madaktari wanawataja wote wawili kwa pamoja wakieleza kwamba ndani ya kichwa kuna ubongo, damu na maji, kimoja kikiongezeka lazima kingine kitoke. Maji yanatoka kwanza. Damu inafuata. Vikiisha hivyo viwili, ubongo wenyewe unaanza kusukumwa, unavuka mstari wa kati, unashuka chini kuelekea kwenye shina linaloendesha pumzi.

Mwaka 1996 kundi la madaktari wa Ujerumani likiongozwa na Werner Hacke lilieleza wagonjwa 55 wa aina hii. Walitibiwa kwa kila kitu kilichokuwepo bila upasuaji, mashine ya kupumulia, dawa za kuvuta maji. Karibu 8 kati ya 10 walifariki.

Nilisimama hapo muda.

Maana usiku ule, kabla daktari hajaja na karatasi, tulikuwa tumeshaona dalili bila kujua tunaona nini. Mchana alikuwa anaongea, maneno mazito kidogo lakini anaongea. Jioni akawa anasinzia katikati ya sentensi, ukimwita anaitika, anafungua macho, anafunga. Mama yake akasema mwacheni apumzike, kachoka. Nesi alikuwa anakuja kila baada ya muda na tochi ndogo, anamfungua kope kwa kidole gumba, anamulika jicho la kushoto, anamulika la kulia, anaandika. Mara moja akarudia la kulia mara mbili, akainama akaangalia kwa karibu, halafu akatoka akitembea haraka. Sasa najua alikuwa anatafuta nini. Mboni ya upande uliovimba inaanza kupanuka na kuchelewa kujibu mwanga pale mshipa wa fahamu wa jicho unapobanwa.

Kusinzia kule ndo ilikuwa kengele. Tulikuwa tunampunguzia kelele chumbani ili alale vizuri.

## Wanachofanya pale mezani

Sikuingia, bila shaka. Ila nilitaka kujua, na nikipata mtu wa kunieleza namwomba aende taratibu.

Wanakata ngozi kwa umbo la alama ya kuuliza, inaanzia mbele ya sikio, inapanda juu yake, inazunguka nyuma karibu na kisogo, halafu inarudi mbele kufuata katikati ya kichwa mpaka mstari wa nywele. Ngozi na msuli vinakunjwa kuelekea mbele. Hapa ndo damu inatoka, ngozi ya kichwa ina mishipa mingi sana, na hapa ndo swali la dada lina uzito wake wote. Wanabana kingo kwa klipu, wanachoma mishipa midogo kwa umeme, kwenye kingo za mfupa wanapaka nta maalum. Wanatoboa matundu kadhaa kwa kekee, wanayaunganisha kwa msumeno, kipande kinainuliwa.

Kipande chenyewe ni kikubwa. Mimi nilidhani ni kidirisha. Hapana, kipenyo kisipungue sentimita 12, na wengi wanapenda 14 au 15, karibu upande mzima wa kichwa mpaka chini kabisa kwenye panja. Wakikata padogo ubongo uliovimba unajisukuma kupitia tundu, unabanwa na kingo, mishipa yake inazibwa, na unakuwa umemwongezea mgonjwa kiharusi kingine kwa mkono wako.

Halafu wanafungua ule utando mgumu unaofunika ubongo, wanashonea kiraka ili pawe na nafasi. Ubongo uliokufa hawautoi. Wanaupa tu mahali pa kuvimbia.

Ngozi inashonwa juu bila mfupa.

Mfupa unakwenda kwenye friji la baridi kali sana, au kama hamna friji hilo, unafichwa chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe mpaka siku ya kuurudisha. Hili la tumbo niliposikia mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Ni kweli, na ni busara, mwili unautunza mfupa wake.

Swali la kutoka damu lina kona nyingine niliyoambiwa na daktari mmoja mpole sana: presha ndani ya fuvu, pamoja na ubaya wake wote, ilikuwa inabana pia mishipa iliyodhoofika. Ukiiachia ghafla, palipokuwa pamebanwa panaweza kuanza kuvuja. Kwa hiyo hata bila ile dawa, hatari ya damu ipo, na kwa aliyepewa dawa jana wanaikazia macho zaidi, siti skani nyingine baada ya upasuaji, presha ya damu inachungwa isipande.

## Namba iliyonigeuza

Mpaka hapa nilikuwa nimeridhika. Dada kapata jibu lake, upasuaji unaokoa, mambo yameisha.

Halafu nikafika kwenye matokeo yenyewe.

Kulikuwa na majaribio matatu Ulaya, moja Ufaransa, moja Ujerumani, moja Uholanzi, na 2007 waliyaunganisha wakapata wagonjwa 93, wote umri kati ya miaka 18 na 60, matibabu yakianza ndani ya saa 48 tangu kiharusi. Baada ya mwaka mmoja, wasiopasuliwa waliokuwa hai ni asilimia 29. Waliopasuliwa asilimia 78. Ukipasua wagonjwa wawili, umeokoa maisha ya mmoja ambaye angekufa. Kwenye tiba za kiharusi hakuna vitu vingi vyenye nguvu hiyo. Na saa zina maana, jaribio la Uholanzi lilipokamilika 2009 lilionesha waliocheleweshwa kupita saa 48 hawakupata faida ile.

Nikashangilia. Kisha nikasoma mstari unaofuata.

Wanapima ulemavu kwa ngazi kutoka 0 mpaka 6. Sifuri ni mzima, 6 ni marehemu. Ngazi ya 3 unahitaji kusaidiwa mambo kadhaa lakini unatembea mwenyewe. Ngazi ya 4 hutembei bila mtu, na kuoga, kuvaa, kwenda choo unahitaji mkono wa mtu. Ngazi ya 5 ni kitandani moja kwa moja. Waliopasuliwa, hakuna hata mmoja aliyefika 0 wala 1. Asilimia 14 walifika ngazi ya 2. Asilimia 29 ya 3. Na ngazi ya 4, ambayo kwa wasiopasuliwa ilikuwa asilimia 2 tu, kwa waliopasuliwa ikawa 31.

Yaani sehemu kubwa ya watu waliotolewa mikononi mwa kifo waliwekwa pale. Kwenye 4.

Kwa wazee ni pagumu zaidi. Jaribio la Ujerumani la 2014 lilichukua watu wa miaka 61 na kuendelea, 112 kwa jumla. Mwaka ulipoisha waliofariki bila upasuaji walikuwa asilimia 76, waliopasuliwa 43. Tofauti kubwa. Lakini walio hai wengi walikuwa ngazi ya 4 na ya 5, na hakuna hata mmoja, upande wowote, aliyefika ngazi ya 2.

Hapo ndo nikagundua kwamba pale koridoni tulikuwa tunalinda mlango mmoja na mwingine uko wazi. Tuliuliza damu itakatika vipi. Hakuna aliyeuliza akipona atakuwa nani, ataishije, na je, hilo yeye mwenyewe angelitaka? Daktari naye hakutuambia. Simlaumu, alikuwa na dakika chache na mgonjwa ambaye mboni yake imeanza kupanuka. Ila tulikuwa na siku nzima kabla ya hapo.

## Siku nzima kabla

Hili ndo jambo lenyewe lililonikalia rohoni, na ndo sababu naandika.

Wakati dripu inaingia, shemeji alikuwa anaongea. Dada kamshika mkono. Siti skani ilishaonesha mshipa mkubwa umeziba, na madaktari wanajua vizuri tu kwamba mtu wa miaka 52 mwenye kiharusi cha ukubwa ule yumo kwenye kundi la wanaoweza kuvimba. Jaribio la Ufaransa lilitumia kipimo cha sehemu iliyokufa kuzidi sentimita za ujazo 145 kwenye picha ya emarai, kwa hiyo kuona mapema kwamba huyu yuko hatarini inawezekana. Pale ndo palikuwa mahali pa kusema: tumempa dawa, tunatumaini itatosha, lakini ikishindikana kesho au keshokutwa tutawauliza kuhusu kufungua fuvu, na matokeo yake ni haya na haya, ongeeni naye sasa hivi.

Hakuna aliyesema. Tukaja kuulizwa sisi wakati yeye hawezi tena kuulizwa.

Nimebishana na hili wazo langu mwenyewe sana. Kwanza, wanaovimba hivi ni wachache kati ya wagonjwa wote wa kiharusi, sasa ukianza kumtajia kila mgonjwa msumeno wa fuvu dakika ile ambayo moyo wake unakwenda mbio, presha inapanda, familia inaparaganyika, na presha kupanda wakati wa dawa hii ni hatari ya kweli. Daktari mmoja aliniambia wazi, "Nikiwatisha kwa kitu ambacho huenda hakitatokea, kesho hawataniamini kwenye kinachotokea." Nilimwelewa. Ila nilikuwa sisemi kila mgonjwa, nasema wale ambao picha imeshawataja.

Pingamizi la pili lilinisumbua zaidi. Kiharusi cha upande wa kushoto kwa watu wengi kinachukua lugha, kwa hiyo hata ukimuuliza hawezi kukujibu. Na cha kulia, kama cha shemeji, kinamwachia maneno lakini kinaweza kumchukulia ufahamu wa ugonjwa wenyewe. Na ndivyo ilivyokuwa. Mchana ule alikuwa anatuambia yeye ni mzima, kwa nini tumemlaza, apewe viatu aende kazini, na mkono wake wa kushoto umelala pembeni hauna habari. Dada akauinua akamwonesha, huu ni wako? Akasema ni wa mtu mwingine.

Sasa huyo ungemuuliza nini? Kufunguliwa fuvu, mtu anayeamini haumwi?

Kwa wiki kadhaa hilo lilinifunga mdomo. Nikaona basi, labda hakuna namna, familia ndo inabeba.

## Nilimuuliza mwenyewe

Shemeji alitoka hospitali na kofia ngumu ya kulinda ule upande usio na mfupa. Siku za mwanzo palikuwa pamevimba kwa nje, sasa pamebonyea, na ukikaa naye karibu unaona ngozi inapanda na kushuka kidogo kidogo kufuata mapigo. Anatembea na fimbo na mtu pembeni yake, bado anaitwa ngazi ya 4, watu wa mazoezi wanasema ana dalili za kufika 3. Wanasubiri wamrudishie mfupa, na wametuambia kuurudisha siyo urembo tu, wapo wanaopata kizunguzungu, uchovu, hata udhaifu kuzidi kwa sababu ya kukaa bila mfupa, na wengine wanapata nafuu ukirudi.

Kuna siku ameamka vizuri, tumekaa wawili, nikamuuliza. Nilimweleza yote, karatasi, saa, ngazi, kwamba tungeweza kumuuliza mapema kama tungejua.

Akafikiri muda. Akasema, "Mngeniuliza siku ile ningekataa."

Nikanyamaza.

"Ningesema bora nife kuliko kuoshwa na mke wangu. Na ningekuwa namaanisha. Sasa naoshwa na mke wangu na sitaki kufa."

Nilikuwa nimeshakutana na hili kwenye kusoma. Waliopona baada ya upasuaji huu, wakiulizwa baadaye, wengi wanasema wangekubali tena, hata wenye ulemavu mkubwa. Sisi wazima tunapima ulemavu kutoka nje, tunaona tutakavyopoteza, hatuoni mtu anavyozoea. Lakini kulisoma ni kitu kimoja, kuambiwa na mtu mwenye kofia ngumu kichwani ni kitu kingine kabisa. Pia najua kwamba aliyepona ndo anayeulizwa. Wale waliozama kwenye huzuni na wale wasioweza kusema sauti zao hazimo kwenye hizo hesabu.

Nikamwambia, kwa hiyo ni afadhali hatukukuuliza?

Akasema tungeuliza swali jingine. Kama anataka kukatwa, hapana, hilo hakuna mtu atalijibu vizuri, ni la kutisha tu. Tungemuuliza ni kitu gani akikikosa hataki tena kuishi. Nikamwomba anijibu sasa. Akasema kuwatambua watoto na kubishana nao. Na kujua nani kashinda mechi.

Hayo mawili anayo. Kubishana anabishana kuliko zamani.

Dada alikuwa anaingia na dawa zake, akasikia mwisho wa maneno. Nilidhani ataungana naye, yaliyopita yamepita. Hakuungana. Alisema yeye bado angetaka kuambiwa siku ile ile ya kwanza, hata kama angelia, hata kama mume wake angejibu vibaya, kwa sababu angekuwa na usiku mzima wa kuuliza maswali yake yote, la damu na mengine, badala ya kuyamaliza kwa dakika chache amesimama koridoni.

"Wewe ulikuwa umelala," akamwambia. "Aliyesaini ni mimi."

Shemeji hakumjibu. Mimi niko upande wa dada.